Faili Likifutika kwa Bahati Mbaya: Namna ya Kulirejesha na Kuzuia Lisipotee Tena

Kama faili limefutika sasa hivi na unasoma haya kwenye kompyuta hiyohiyo, fanya mambo mawili kabla ya kuendelea. Rudi kwenye folda ulimofutia, ubonyeze Ctrl na Z kwa pamoja. Kwenye Mac ni Command na Z. Kama hujafanya mengi tangu ufute, faili hurudi mahali pake palepale. Lisiporudi, fungua pipa la taka, yaani Recycle Bin kwenye Windows, Trash au Bin kwenye Mac, ulitafute humo.

Kama na huko halipo, acha kuitumia kompyuta hiyo. Usipakue kitu, usifungue video, usisakinishe programu ya kurejesha mafaili uliyoisikia kwa rafiki. Chukua simu au kompyuta nyingine uendelee kusoma huko. Kufuta kwenyewe mara nyingi huacha njia ya kurudi. Njia hiyo huzibwa na yale tunayoyafanya baadaye kwa hofu.

Kinachotokea faili linapofutwa

Ukibonyeza Delete kwenye Windows, faili haliondoki kwenye diski. Linahamia pipa la taka likiwa zima, na bado linachukua nafasi ileile. Ukimwaga pipa, au ukifuta kwa Shift na Delete, ndipo mfumo unapoliondoa kwenye orodha yake. Diski nyingi za Windows zimefomatiwa kwa NTFS, yaani mpangilio wa kuhifadhia mafaili diskini, na orodha hiyo huitwa MFT: humo kuna jina la faili, ukubwa wake, tarehe zake, na mahali vipande vyake vilipo diskini. Mfumo huandika kwamba nafasi hiyo sasa iko wazi, basi. Maandishi yenyewe yangali pale. Ni kama mwanafunzi aliyekatwa jina kwenye rejista lakini bado amekaa kwenye dawati lake. Atainuka siku mwingine atakapopewa dawati hilo. Flashi na kadi za kamera zenye mpangilio mwingine, FAT32, hufanya jambo linalofanana, ila herufi ya kwanza ya jina la faili hugeuzwa kuwa alama ya nafasi tupu. Ndiyo maana programu za urejeshaji wakati mwingine hukuonyesha jina lisilo na mwanzo.

Kinachomaliza faili kabisa ni kuandikiwa juu yake. Na kompyuta huandika muda wote hata ukiwa umekaa kimya: kivinjari huhifadhi vipande vya kurasa, mfumo hushusha masasisho, programu huacha mafaili ya muda. Kila dakika kompyuta ikiwa imewashwa, nafasi ya faili lako inaweza kupewa kitu kingine.

Kuna jambo linalobadilisha hesabu hii yote, na ni vizuri ulijue kabla hujatumia fedha yoyote. Kompyuta nyingi za sasa hutumia SSD, yaani diski ya kielektroniki isiyo na sahani inayozunguka, na SSD hupokea amri iitwayo TRIM. Kila faili linapofutwa, mfumo huiarifu SSD kwamba nafasi ile haihitajiki tena, nayo huanza kuisafisha kwa wakati wake. Windows imekuwa ikituma amri hiyo tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Ukiisoma nafasi hiyo baadaye, mara nyingi utapata sufuri tupu. Kwa hiyo, kwenye kompyuta yenye SSD, faili lililopita pipa la taka kwa kawaida limekwenda ndani ya muda mfupi, hata utangazaji wa programu za kulipia useme nini. Diski za sahani zinazozunguka (HDD), flashi na kadi za kumbukumbu kwa kawaida hazijisafishi namna hiyo, na huko matumaini ni makubwa zaidi. Kujua diski yako ni ya aina gani kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance, utazame chini ya jina la diski: itaandikwa SSD au HDD.

Hakikisha kwanza kwamba limefutwa kweli

Sehemu hii watu huiruka, nami naisisitiza. Mafaili mengi yanayoitwa yamefutika yamehama tu. Kidole kilichoteleza kwenye kipanya kinaweza kuburuta folda nzima na kuitupa ndani ya folda ya jirani bila wewe kuona. Fungua File Explorer, chagua This PC, kisha kwenye kisanduku cha kutafutia andika sehemu ya jina unayoikumbuka. Kama hulikumbuki jina, tafuta kwa aina: *.docx huleta hati za Word zote, *.xlsx majedwali ya Excel, *.jpg picha. Panga matokeo kwa tarehe ya kubadilishwa, utazame yale ya siku ulizokuwa ukilifanyia kazi. Ndani ya Word au Excel kwenyewe, orodha ya mafaili ya karibuni huonyesha pia faili lilikuwa folda gani.

Mambo mawili mengine hufanana na kufutika ilhali siyo. La kwanza ni OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ambayo ikiwashwa inaweza kuhamisha Desktop, Documents na Pictures na kuziweka ndani ya folda yake. Mtu akiiondoa baadaye, anakuta Desktop tupu na kudhani kila kitu kimekwenda. Tazama ndani ya C:\Users, folda yenye jina lako, kisha OneDrive.

La pili ni virusi vya flashi. Umeichomeka flashi, folda zako hazionekani, badala yake kuna njia za mkato zenye majina yaleyale. Usizibofye. Mafaili mara nyingi yamefichwa tu. Ikague flashi kwa programu ya kuua virusi, kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, na uandike amri hii, ukibadilisha herufi E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo huondoa alama za kufichwa. Folda zikishaonekana, zinakili kwenye kompyuta, uifomati flashi kabla ya kuitumia tena.

Pipa la taka, na mafaili yasiyopita humo

Ukifungua pipa, lipange kwa tarehe ya kufutwa ili lile la karibuni lije juu. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya faili, uchague Restore, au Put Back kwenye Mac. Faili hurudi kwenye folda lilimotoka, si pale ulipo, kwa hiyo usishtuke usipoliona mara moja.

Kwenye Windows, mafaili unayoyafuta kutoka kwenye flashi au kwenye folda ya mtandao ya ofisi kwa kawaida hayaendi kwenye pipa. Vilevile yale makubwa kuliko nafasi iliyotengewa pipa. Hapo Windows hukuuliza kama ufute moja kwa moja, na wengi wetu hubofya ndiyo bila kusoma. Mac ni tofauti kidogo: faili la flashi huwekwa kwenye folda iliyofichwa ndani ya flashi yenyewe, hivyo ukiichomeka tena utaliona kwenye pipa. Kwenye mfumo wa Linux, amri ya kufutia, rm, haina pipa hata kidogo. Kumbuka pia kwamba Storage Sense, kisafisha diski cha Windows, ikiwashwa, inaweza kuondoa vitu vilivyokaa kwenye pipa siku 30, na Finder, programu ya mafaili ya Mac, ina mpangilio kama huo.

Nakala ambazo hukumbuki kwamba unazo

Kabla ya kugusa programu yoyote ya urejeshaji, kaa utulie ujiulize faili hilo limewahi kupita wapi. Nakala iliyo mahali pengine ni bora mara mia kuliko vipande vilivyookotwa diskini, kwa sababu ni nzima na ina jina lake.

Anza na wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni. Kama folda ilikuwa ikilandanishwa, ingia kwenye tovuti ya huduma yenyewe kwa kivinjari cha simu, ufungue pipa la taka la huko. Google Drive huweka vilivyofutwa siku 30. OneDrive ya mtu binafsi pia siku 30, na ya kazini au shuleni siku 93 kwa kawaida. iCloud Drive ni siku 30, na akaunti ya bure ya Dropbox vilevile. Nyingi ya huduma hizi huhifadhi pia matoleo ya awali ya faili, na hilo ni muhimu sana kwa ajali mbaya kuliko kufuta: kuhifadhi faili jipya kwa jina la la zamani. Faili lililoandikiwa juu namna hiyo halipiti pipa la taka, na programu za urejeshaji huambulia kidogo. Historia ya matoleo ndiyo njia yake.

Kwenye Windows, bofya kulia folda iliyokuwa na faili, chagua Properties, kisha Previous Versions. Kama File History, kinakilishi cha mafaili cha Windows, au sehemu za urejeshaji za mfumo zilikuwa zimewashwa, utaona orodha ya tarehe. Fungua ya kabla ya ajali, ulinakili faili. Kwenye Mac, ingia Time Machine, programu yake ya nakala rudufu, ukiwa ndani ya folda hiyo. Hata diski ya nje ikiwa haijachomekwa, Mac iliyowashiwa Time Machine huweka ndani yake nakala za saa 24 zilizopita, kwa hiyo jaribu.

Kwa hati ya Word iliyofungwa bila kuhifadhiwa, fungua Word, nenda File, Info, Manage Document, kisha Recover Unsaved Documents. Hati hizo hukaa siku chache tu, usichelewe. Word hujihifadhia nakala ya dharura kila dakika 10 usipobadilisha mpangilio, na mafaili hayo huishia na .asd, tafuta *.asd kwenye diski nzima.

Halafu tafuta nje ya kompyuta. Barua pepe ulizotuma zenye viambatisho. Mazungumzo ya WhatsApp au Telegram uliyopeleka hati kwa mwenzako. Simu iliyopiga picha zile kabla hujazihamisha. Kadi ya kamera. Mtu uliyemchapia. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu, kisanduku cha barua cha msimamizi wake kina uwezekano mkubwa wa kuwa na sura zilizopotea, hata kama ni toleo la mwezi uliopita. Kuanzia hapo ni nafuu kuliko kuanza upya.

Kuokota faili diskini kwa programu

Ukifika hapa, kanuni ni moja: usiandike chochote kwenye diski iliyopoteza faili. Programu isisakinishwe humo, na kilichookolewa kisihifadhiwe humo.

Kwa flashi, kadi au diski ya nje, kazi ni nyepesi. Ichomoe, sakinisha programu kwenye kompyuta, ndipo uichomeke tena. Ikiwa faili lilikuwa kwenye diski ya ndani, hasa ile ya C yenye mfumo, zima kompyuta. Njia salama zaidi ni kuitoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili kwa kebo ya USB. Kama hilo haliwezekani, andaa kwenye kompyuta nyingine flashi ya kuwashia Linux, au programu inayoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, tafuta kwanza ufunguo wake wa urejeshaji. Bila huo hakuna programu itakayosoma chochote.

Programu nzuri za bure zipo. Recuva ni rahisi kwa anayeanza na ina toleo la kuendeshea kwenye flashi: unachagua aina ya faili, unachagua diski, inakuonyesha orodha yenye rangi, kijani kwa yaliyo na hali nzuri na nyekundu kwa yaliyokwisha. Microsoft wenyewe walitoa Windows File Recovery mwaka 2020, inayopatikana bure kwenye Microsoft Store kwa Windows 10 toleo namba 2004 (si mwaka) na kuendelea. Haina vitufe, unaandika amri. Kwa mfano, kutafuta hati iliyofutwa kwenye diski C na kuiokolea kwenye diski E:

winfr C: E: /regular /n \Users\jina\Documents\ripoti.docx

Weka jina lako la mtumiaji mahali palipoandikwa jina. Neno regular ni kwa faili lililofutwa karibuni kwenye diski ya NTFS. Kwa diski iliyofomatiwa, faili la siku nyingi, au flashi ya FAT na exFAT, tumia extensive badala yake. Ukitaka aina nzima, andika /n *.jpg.

Kwa kazi ngumu, mimi humshauri mtu atumie PhotoRec, iliyoandikwa na Christophe Grenier. Ni ya bure, chanzo chake kiko wazi, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Haiangalii orodha ya mfumo kabisa. Hupita diskini kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama zinazoanzisha kila aina ya faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Ndiyo maana huokoa hata kwenye kadi iliyofomatiwa. Gharama yake ni kwamba majina yote hupotea: utapata folda zenye mamia ya mafaili yenye majina ya namba, na utakaa kuyapanga. Faili lililokuwa limetawanyika vipandevipande diskini linaweza kutoka likiwa nusu. Ndugu yake TestDisk ni kwa ajali nyingine, pale sehemu nzima ya diski inapotoweka.

Kuna uamuzi mmoja ambao fundi mzoefu hufanya kabla ya yote haya, na ukiwa na diski nyingine yenye nafasi, ufanye nawe: nakili diski nzima kama taswira moja, kisha fanya majaribio kwenye taswira hiyo. Ukikosea, ya asili iko palepale. Kwa diski inayosoma kwa kusuasua, ddrescue ya Linux imetengenezwa kwa kazi hiyo. Huchukua kwanza sehemu nzima, kisha hurudi kwenye zile mbovu.

Ukimaliza, fungua kila faili lenye thamani kwako. Jina na ukubwa sahihi havitoshi. Hati inaweza kuwa na jina lake zuri na ndani yake takataka.

Yasiyofaa kufanywa

Windows ikikuambia kwamba lazima diski ifomatiwe ndipo itumike, kataa. Ufomati wa haraka huandika orodha upya na kuacha data, lakini ule kamili, tangu Windows Vista, huandika sufuri kwenye diski yote, na hapo hakuna kurudi. Usiendeshe CHKDSK kwenye diski uliyopotezea mafaili: kazi yake ni kurekebisha mfumo wa diski, si kuokoa hati zako, na katika kurekebisha huandika. Usijaribu programu tatu kwa mpigo ukiziacha zote zihifadhi mahali palepale.

Na diski ikitoa mlio wa kugonga au kukwaruza, zima umeme mara moja. Hiyo ni hitilafu ya chuma, na kila mzunguko unaweza kukwangua data. Usiifungue, vumbi dogo linatosha kuiharibu. Kama yaliyomo yana thamani, ipeleke kwa maabara ya urejeshaji wa data, na waulize kabla kama wanatoza hata wasipofaulu.

Kuzuia

Tabia ndogondogo zina faida kubwa hapa. Kwenye Windows, bofya kulia pipa la taka, fungua Properties, uwashe mpangilio wa kuulizwa kabla ya kufuta. Iache Shift na Delete. Nafasi ya diski unayoiokoa hailingani na hatari yake. Unapohamisha picha kutoka kwenye kadi, usikate na kubandika: nakili, fungua chache upande wa pili uhakikishe, ndipo ufute za asili. Ukianza hati kutoka kwenye ya zamani, ihifadhi kwa jina jipya kabla ya kuandika neno la kwanza. Wanaofanya kazi na amri za Linux waandike rm -i ili waulizwe, au wasakinishe trash-cli ili vinavyofutwa viende pipani. Na kabla ya kufuta kwa alama ya nyota, endesha ls, amri ya kuorodhesha mafaili, kwa alama hiyohiyo uone itagusa nini.

Lakini kinga yenyewe ni nakala rudufu. Kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, inaeleweka haraka: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kompyuta yenyewe, diski ya nje, na wingu. Wingu peke yake lisikudanganye: ukifuta folda inayolandanishwa, inafutika kila mahali, na siku 30 zikipita imekwisha. Washa File History kwenye Windows. Ukiiacha ilivyo, huchukua nakala kila saa diski ya nje ikiwa imechomekwa. Time Machine nayo huweka nakala za kila saa kwa siku moja, za kila siku kwa mwezi, na za kila wiki kwa miezi ya nyuma hadi diski ijae. Ichomoe diski ya nje nakala ikikamilika, ili virusi au kosa lako lisiifikie.

Kisha ijaribu nakala hiyo. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi mtandaoni misimbo ya watengeneza programu, aliyekuwa akihangaika usiku na tatizo jingine alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Katika takriban gigabaiti 300 zilibaki 4.5. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data, na hakuna iliyofanya kazi ilivyotarajiwa. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita zilizotangulia. Hao ni watu ambao kazi yao ni kompyuta.

Kwa hiyo chagua siku moja katika mwezi. Fungua diski ya nakala, chukua faili moja la zamani na moja la wiki hii, yarejeshe kwenye folda mpya, uyafungue. Kama moja halifunguki, au la wiki hii halimo, umegundua ukiwa bado unayo ya asili, na una nafasi ya kurekebisha mpangilio siku hiyohiyo.